Kwaya ziache kukata beti za nyimbo hizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na walimu wa kwaya, wachungaji, mapadre na wahariri wa vitabu vya nyimbo. Kuna desturi iliyoota mizizi makanisani mwetu. Kiongozi anasimama, anataja namba ya wimbo, kisha anaongeza: "Tuimbe ubeti wa kwanza, wa pili na wa mwisho." Zipo nyimbo ambazo hazipotezi kitu kikubwa kwa kukatwa hivyo. Lakini lipo kundi moja la nyimbo tunazozipenda mno ambalo linaharibika kabisa, kwa sababu watunzi wake walizipanga beti kwa makusudi, na jambo kuu mara nyingi wameliweka katika ubeti wa tatu, wa nne au wa tano, yaani pale pale tunaporuka.

Nazungumzia nyimbo zilizotungwa na wanawake wa Uingereza na Ireland katika karne ya 19, enzi ya Malkia Victoria aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901: Charlotte Elliott, Sarah Flower Adams, Cecil Frances Alexander, Frances Ridley Havergal na Christina Rossetti. Waumini wengi huimba maneno yao bila kuyajua majina yao, maana vitabu vingi tulivyonavyo huchapa namba na maneno, basi.

Hali waliyoandikia ni muhimu kuieleza. Kanisa la Uingereza halikumpa mwanamke upadre hadi mwaka 1994. Wamethodisti nao, ambao hapo mwanzo walikuwa na wahubiri wanawake, waliwabana katika mkutano wao mkuu wa 1803. Mimbari ilifungwa, lakini kitabu cha nyimbo hakikufungwa. Mwanamke asiyeruhusiwa kusema neno mbele ya usharika aliweza kuandika maneno ambayo usharika mzima, pamoja na mchungaji wake, ungeyatamka kwa vinywa vyao Jumapili baada ya Jumapili. Ndiyo maana walitia mafundisho mazito ndani ya beti nne au sita. Havergal alijua Kiebrania na Kigiriki na kuisoma Biblia kwa lugha hizo. Rossetti aliandika ufafanuzi mnene wa Ufunuo wa Yohana, uliotoka mwaka 1892. Anayedhani nyimbo hizi ni za kububujisha machozi tu hajazisoma hadi mwisho.

Nianze na Charlotte Elliott, aliyezaliwa 1789 na kufariki 1871. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mgonjwa. Ndugu yake, kasisi wa Brighton, alikuwa akichangisha fedha za shule ya mabinti wa makasisi, na nyumba nzima ilihangaika na maandalizi ambayo yeye hakuwa na nguvu za kuyashiriki. Katika miaka hiyo alitunga "Just As I Am", wimbo unaoimbwa duniani kote watu wanapoitwa mbele kutubu, ukachapishwa mwaka 1836 katika kitabu cha nyimbo za wagonjwa. Kwa hiyo ulitangulia kidogo kutawazwa kwa Victoria, ingawa ni enzi ya Victoria iliyoueneza. Mstari wa Biblia ulio chini yake ni Yohana 6:37: wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe.

Tazama beti zilivyopangwa. Wa kwanza, mtu anakuja akiwa hana hoja ila damu ya Kristo iliyomwagika. Wa pili, haji baada ya kujisafisha; anakuja na doa lake. Wa tatu, anayumba, ana vita ndani na hofu nje. Wa nne, ni maskini na kipofu, anatafuta kuponywa. Mpaka hapa ni yeye tu anayesema habari zake. Ubeti wa tano ndio unaogeuka: utanipokea, utanikaribisha, utanisamehe, utanitakasa, kwa sababu naiamini ahadi yako. Ahadi hiyo ndiyo Yohana 6:37 yenyewe. Wa sita unasema upendo umevunja kila kizuizi. Upo na ubeti wa saba ulioongezwa baadaye kidogo, nao mara nyingi ndio huimbwa kama "wa mwisho".

Sasa imba wa kwanza, wa pili na wa mwisho. Umeondoa mashaka, umeondoa umaskini, na umeondoa ahadi. Mtenda dhambi amekuja, lakini hakuna aliyemwambia kwamba amepokewa. Mbaya zaidi ni desturi ya mikutano ya injili, ambako ubeti wa kwanza hurudiwa mara nyingi mhubiri akiendelea kuita. Mtu mwenye mashaka amesimama pale, na ubeti uliotungwa kwa ajili yake, ule wa tatu, haufikiwi kabisa. Kama wito ni mrefu, imbeni beti zote sita polepole, kisha anzeni upya. Kwa tuni ya Woodworth, aliyoitunga William Bradbury wa Marekani mwaka 1849, ubeti mmoja huchukua kama nusu dakika kwa mwendo wa kawaida. Beti sita ni dakika tatu au zaidi kidogo.

Na hapo kwenye tuni kuna jambo la kuangalia. Shairi la Elliott lina mizani 8.8.8.6: mistari mitatu ya silabi nane, wa nne silabi sita. Tuni ya Bradbury inataka silabi nane mara nne, hivyo maneno ya mwisho, yale ya kusema "naja", hurudiwa ili kujaza. Kwaya nyingi hupaza sauti kwenye marudio hayo kana kwamba ni kilele. Sivyo. Mtunzi alifupisha mstari wa mwisho kwa makusudi, ili mwenye kuja aishiwe maneno. Marudio yaimbwe kwa sauti ya chini kuliko yalipotajwa mara ya kwanza.

Frances Ridley Havergal ndiye mwenye wimbo tunaoukata vibaya kuliko wote. Alizaliwa 1836 huko Astley, Worcestershire, binti wa kasisi aliyekuwa pia mtunzi wa tuni za kanisa. Februari 1874 alitunga wimbo tunaouimba kwa Kiswahili kama "Twae wangu uzima". Kwa Kiingereza una beti sita, na katika kila ubeti anakabidhi vitu viwili. Ubeti wa kwanza ni uhai na saa zake. Wa pili ni mikono na miguu. Wa tatu ni sauti na midomo. Wa nne ni fedha na akili. Wa tano ni nia na moyo. Wa sita ni upendo na nafsi yake nzima. Jumla vitu 12, na mpangilio wake unatoka kwenye vinavyoonekana kwenda kwenye visivyoonekana, mpaka anayetoa anakuwa yeye mwenyewe sadaka.

Piga hesabu. Ukiimba wa kwanza, wa pili na wa mwisho, umetoa uhai, saa, mikono, miguu, upendo na nafsi. Sauti, midomo, fedha, akili, nia na moyo vimebaki nyumbani. Nusu kamili ya sadaka haikuletwa. Na katika nusu hiyo ndimo ilimo fedha, ambayo mtunzi anasema hatabakiza hata senti moja. Ni ajabu kwamba ubeti wa nne unarukwa hata siku za changizo, wakati huo ndio wimbo wenyewe uliochaguliwa kwa ajili ya sadaka!

Havergal aliyatenda aliyoyaandika. Mwezi Agosti 1878 alifungasha vito vyake vya dhahabu, karibu vitu 50, pamoja na sanduku la kuvihifadhia, akavipeleka kwa chama cha misheni cha CMS viuzwe kwa ajili ya kazi ya Injili. Alibakiza bruchi (pini za pambo la nguo) moja au mbili za kumbukumbu ya wazazi na kidani chenye picha ya mpwa wake aliyefariki. Chama hicho ndicho kilichokuwa na vituo Rabai, na Freretown karibu na Mombasa, ambako kuanzia 1875 walipokelewa watumwa waliokombolewa baharini. Mwaka uliofuata, Juni 1879, Havergal akafariki huko Wales akiwa na miaka 42. Wimbo ulitangulia, dhahabu ikafuata miaka minne baadaye, na yeye mwenyewe alikiri kwamba mstari wa fedha ulikuja kupata maana mpya kwake siku hiyo. Mwalimu wa kwaya akiwaeleza waimbaji wake hilo kwa dakika moja tu wakati wa mazoezi, ubeti wa nne hautarukwa tena.

Anayeogopa urefu anaweza kuugawa: beti tatu za kwanza kabla ya neno la utoaji, tatu za mwisho watu wakienda mbele na sadaka. Au wanawake waimbe ubeti mmoja, wanaume mmoja, kwaya peke yake mmoja, na usharika wote wa mwisho. Kinachochosha usharika ni sauti ile ile na mwendo ule ule, mara sita, kinanda kikipiga kwa nguvu zile zile. Huo ni upungufu wa mpiga kinanda, na dawa yake haipatikani kwa kukata shairi.

Sarah Flower Adams, aliyeishi 1805 hadi 1848, ametuachia "Karibu na wewe, Mungu wangu". Uliandikwa kwa ajili ya kanisa la South Place, Finsbury, mjini London, ukatoka mwaka 1841, na dada yake Eliza ndiye aliyeutungia muziki mara ya kwanza. Kanisa hilo lilikuwa la Waunitaria, wasioungama Utatu, ndiyo maana jina la Yesu halimo. Wahariri wa baadaye hawakuridhika, wengine wakaongeza ubeti wa kwao wenye jina la Kristo. Mimi naona tuuimbe kama ulivyo, kwa kuwa ni Mwanzo 28 iliyowekwa katika beti: Yakobo akiwa njiani, jua limekuchwa, jiwe ndilo mto wake, ndipo anaona ngazi na malaika, ndipo anaamka na kuyageuza mawe ya huzuni yake kuwa Betheli, ndipo anaruka juu. Tunauimba sana misibani. Ukiimba ubeti wa kwanza na wa mwisho, wafiwa wanaambiwa waruke kwenda mbinguni kabla hawajaruhusiwa kulala juu ya jiwe. Ubeti wa pili, wa giza na jiwe, ndio ubeti wa msiba, na wa nne, wa Betheli, ndio wa faraja. Kama makaburini muda ni mfupi kweli, afadhali muimbe hizo mbili pamoja na wa kwanza.

Cecil Frances Alexander, mzaliwa wa Dublin, aliandikia watoto. Kitabu chake cha 1848 kilikuwa na nyimbo za kufafanua Imani ya Mitume kipengele kwa kipengele. Ule wa vitu vyote vizuri na vya kupendeza ni "Muumba mbingu na nchi". "Once in Royal David's City" ni "akazaliwa na Bikira Mariamu". Ule wa kilima cha kijani nje ya ukuta wa mji ni "akateswa kwa mamlaka ya Pontio Pilato, akasulibiwa, akafa, akazikwa". Mwalimu wa kipaimara au wa shule ya Jumapili anaweza kuzitumia hivyo hivyo leo: soma kipengele cha Imani, imbeni wimbo wake, waulize watoto ni ubeti upi unaosema neno lipi. Mapato ya kitabu kile yalisaidia shule ya viziwi kule Strabane. Tangu 1919 ule wa Krismasi ndio unaofungua ibada ya masomo tisa katika kanisa la King's College, Cambridge, mtoto mmoja akiimba ubeti wa kwanza peke yake bila kinanda.

Hapa lazima niseme ukweli wote: upo ubeti mmoja wa Alexander uliokatwa kwa haki. Katika ule wa vitu vyote vya kupendeza aliandika juu ya tajiri katika kasri lake na maskini langoni pake, akisema Mungu ndiye aliyewapangia hali zao. Ireland ilikuwa ndani ya njaa kuu miaka hiyo hiyo. Vitabu vingi vya karne ya 20 viliuondoa, na sitaki urudi. Lakini wahariri wale waliusoma, wakaupima kwa mafundisho, wakaukataa kwa sababu wanayoweza kuitaja. Kukata ubeti wa tatu kwa kuwa tu ni wa tatu hakuna sababu yoyote ya kutaja.

Christina Rossetti nimemweka mwisho kwa sababu kati ya hawa wote yeye ndiye mshairi mkubwa zaidi, na ndiye mgumu kuimbika. Alizaliwa London mwaka 1830, akafariki Desemba 1894. Alisali katika kanisa la Christ Church, Albany Street, lililoshika mkondo wa Kianglikana uliothamini sana sakramenti na kalenda ya kanisa. Mkondo huo huo ndio uliozaa misheni ya Kianglikana ya UMCA iliyofika Zanzibar mwaka 1864, na SPCK, chama cha Kianglikana cha kuchapa vitabu vya dini, waliochapa mashairi yake ya dini mwaka 1893 ndio waliochapa vitabu vingi vya Kiswahili vya misheni hiyo. Dada yake Maria akawa mtawa wa Kianglikana. Christina mwenyewe kwa miaka mingi alijitolea katika nyumba ya kuwasaidia wanawake waliotaka kuacha ukahaba, kule Highgate.

Shairi lake la Krismasi, "In the Bleak Midwinter", lilitoka gazetini Marekani mwaka 1872. Halikuwa wimbo. Lilipata tuni ya Gustav Holst, iitwayo Cranham, mwaka 1906, miaka 12 baada ya mshairi kufariki. Ndiyo maana linawasumbua waimbaji. Mstari wa kwanza wa kila ubeti, kwa Kiingereza, una silabi 6, kisha 8, kisha 8, kisha 6, kisha 5. Tuni ni ile ile. Kwaya isiyojiandaa huanguka mwanzoni mwa ubeti wa pili, kwa sababu silabi ya kwanza hapo inatangulia pigo zito, wakati katika ubeti wa kwanza iliangukia juu ya pigo hilo. Huanguka tena ubeti wa tano, ambako silabi ni chache na noti moja lazima ivutwe. Utaratibu unaofaa ni huu: someni shairi lote kwa sauti bila muziki mara mbili, kila mwimbaji apige mstari kwa penseli chini ya silabi inayobeba pigo la kwanza, kisha imbeni sauti ya kwanza peke yake, beti zote tano, ndipo muingize alto, tena na besi. Anayeanza na sauti nne siku ya kwanza atarekebisha makosa yale yale mpaka mkesha wa Krismasi.

Wako wanaosema tuliache kwa kuwa lina theluji, na Bethlehemu haina baridi ya namna hiyo, sembuse Tanga. Theluji ni ya ubeti wa kwanza tu. Rossetti alimleta Kristo azaliwe katika majira aliyoyajua yeye. Kiini kiko mbele. Ubeti wa pili unasema mbingu haziwezi kumtosha, maneno ya Sulemani siku ya kuliweka wakfu hekalu, 1 Wafalme 8:27. Ubeti wa tatu unamchukua huyo huyo asiyetoshwa na mbingu, anayeabudiwa na makerubi usiku na mchana, na kusema ametosheka na ziwa la mama lililojaa maziwa na hori lililojaa nyasi. Ubeti wa nne unasema huenda malaika walikusanyika pale, lakini ni mama yake tu aliyemwabudu kwa busu. Kisha swali la mwisho: mimi maskini nimpe nini? Ubeti wa tatu na wa nne ndimo Umwilisho ulimo, Mungu anayenyonya na Mungu anayebusiwa, na umesemwa na mwanamke aliyejua kwamba Mariamu aliabudu kwa kazi za kila siku za mama.

Beti hizo mbili ndizo zinazokatwa. Harold Darke, aliyetunga muziki mwingine mzuri sana wa shairi hili miaka michache baada ya Holst, aliuacha ubeti wa nne. Vitabu vingine viliona haya kwa neno la ziwa la mama, vikabadilisha au kuruka. Sisi hatuna sababu ya haya hiyo. Katika makanisa yetu mama hunyonyesha mtoto wake katikati ya mahubiri na hakuna anayegeuza shingo. Kama kuna usharika duniani unaoweza kuimba ubeti wa tatu wa Rossetti kwa moyo mweupe, ni wetu.

Nije kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa kuna kosa jingine ambalo kwaya hulaumiwa nalo bure. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mistari mingi ya Kiingereza huishia kwenye silabi yenye mkazo, na tuni zao huweka noti ndefu na nzito pale mwishoni. Chukua "Twae wangu uzima": silabi saba, na tuni ina mapigo mazito kwenye ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. "Twa" na "wa" zinaangukia vizuri. Lakini katika "uzima" mkazo wa neno uko kwenye "zi", silabi ya 6, na tuni inapiga "u" na "ma". Waimbaji wanajikuta wanatamka "uzimaa". Vivyo hivyo "Karibu na wewe": lugha inaweka mkazo kwenye "ri" na "we" ya kwanza, wakati tuni inayozoeleka, Bethany ya Lowell Mason, imejengwa kwa maneno yenye mkazo kwenye silabi ya 1, ya 4 na ya 6.

Linganisha na "Bwana u sehemu yangu", wa Fanny Crosby wa Marekani, aliyeishi wakati ule ule. Mstari huo wa kwanza una silabi nane, kama mizani nane za utenzi wetu, na mkazo uko kwenye "Bwa", "he" na "ya": ya 1, ya 5 na ya 7. Tuni inadai hivyo hivyo. Unaimbika bila mtu kufundishwa, na sidhani kwamba kupendwa kwake ni bahati tu. Mfasiri anayefanya kazi leo atafute tuni zenye mstari wa silabi nane unaoishia kwenye pigo jepesi. Lugha yetu itakaa humo bila kulazimishwa. Kwa tafsiri tulizokwisha zoea, dawa iko kwa kiongozi: noti ya mwisho ya mstari ishikwe urefu wake lakini isigongwe; sauti ipungue juu yake; na ile silabi ya pili kutoka mwisho irefushwe kidogo, kama robo ya pigo, ikikopa kutoka ile inayofuata. Mpiga kinanda asiweke kodi nzito (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwenye silabi ya mwisho. Wapiga kinanda wengi hufanya kinyume, wakifuata uzito ulioandikwa kwa Kiingereza.

Na walimu wanaoandika d r m f s l t ubaoni wajue kwamba hata hiyo solfa tunayoisomea chanzo chake ni mwanamke wa kanisa la Uingereza wa wakati huo huo, Sarah Glover wa Norwich. Aliibuni ili watoto na watu wa kawaida waweze kuimba ibadani, akachapisha njia yake mwaka 1835. John Curwen aliichukua, akairekebisha na kuieneza. Jina la Curwen limebaki vitabuni, la Glover halitajwi.

Kwa wahariri wa vitabu vya nyimbo ombi langu ni dogo na halina gharama kubwa. Chini ya kila wimbo ichapwe mistari miwili kwa herufi ndogo: jina la mtunzi na mfasiri pamoja na miaka, andiko la Biblia lililo msingi wake, na mizani. Mwishoni mwa kitabu kuwe na orodha ya tuni kwa mizani, ili tuni ikiwa ngumu mwalimu apate nyingine ya 8.8.8.6 au 7.7.7.7 bila kubahatisha. Pale ambapo mfasiri aliacha ubeti, iwekwe alama ya nyota. Baadhi ya tafsiri zetu zilipunguzwa tangu mwanzo, na wajuzi wa lugha tulio nao sasa wanaweza kuzikamilisha.

Wanaoandaa maneno ya kuonyeshwa ukutani nao waangalie. Siku hizi beti nyingi hazikatwi na kiongozi. Zimekatwa na aliyechapa kwenye kompyuta akanakili beti tatu kutoka faili la kanisa jingine, na faili hilo likasambaa. Kabla ya kuhifadhi wimbo, ulinganishwe na kitabu, namba ya beti ihesabiwe, na kila ubeti upewe ukurasa wake. Usharika unaotaka kuanza mahali fulani uanze na wimbo wa Havergal, Jumapili ya mavuno, beti zote sita, vikapu vya sadaka vikianza kupita kwenye ubeti wa nne.

Mwalimu wa kwaya,
Tanga